Mama Alipoanza Kunitazama Sikioni

Mama yangu amechambua dagaa kule Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwa zaidi ya miaka 40. Anayeijua kazi hiyo anajua kuwa si ya mikono tu. Dagaa wakishakauka, katikati yao kuna furu, visamaki vingine vya ziwani, kuna magamba ya konokono, kuna mchanga, na mnunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba akitia mkono kwenye gunia akakutana na takataka, bei inashuka hapo hapo. Mama alikuwa anapitisha viganja juu ya turubai kama mtu anayefuta meza, na kiganja kikishapita, furu wameshatoka.

Mwanzoni mwa 2024 nilikwenda kukaa naye wiki moja. Nikaona furu wamebaki. Nikamwambia, "Mama, hawa hapa." Akasema, "Nimewaona, nilikuwa nawaacha kwanza." Hakuwa amewaona. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu ana miaka 76 na mimi mwenyewe siku hizi sisomi ujumbe wa simu bila miwani. Nikasema moyoni, ni uzee.

Mwezi Machi tulikwenda msibani Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko, na mama akawa amekaa upande unaotazama nguzo zile ndefu. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona nguzo ile wameijenga imepinda kiunoni?" Nikamjibu kuwa ni kivuko kinayumba. Siku ile ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Hakuna kilichoyumba. Nilifundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 31, nimewapigisha watoto mistari kwa rula mpaka vidole vikaota sugu, halafu mama yangu ananiambia kuwa mstari ulionyooka anauona umepinda, na mimi namjibu habari za mawimbi. Jibu lile linanikaa kooni mpaka leo.

Mstari ulionyooka ukionekana umepinda, iwe nguzo, kizingiti cha mlango au ukingo wa bati, kuna kitu kimeinua au kukunja pazia la nyuma ya jicho, ile retina inayopokea picha. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula, kipenyo chake kama milimita 5 hivi. Hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kutambua sura ya mtu, kumtofautisha furu na dagaa. Kwa watu wengine umri ukienda inachakaa. Kuna aina kavu, inayokwenda polepole kwa miaka, na kuna aina ya majimaji, ambayo mishipa mipya ya damu inaota chini ya retina mahali isipotakiwa, inavuja, na ndani ya wiki au miezi inaweza kumaliza uwezo wa kuona wa katikati. Mama alikuwa na hiyo ya pili, jicho la kushoto. Sisi tulikuwa hatujui.

Tulianzia kwenye kliniki moja mjini ambayo sitaitaja. Walimsomesha herufi ukutani, wakammulika kwa tochi, wakasema ni mtoto wa jicho, bado mchanga, tusubiri akomae. Wakatupa dawa ya matone. Nilitoka pale nimefurahi, sitaki kuficha. Mtoto wa jicho naujua: unafanyiwa upasuaji, unakaa na kitambaa siku moja, unaona. Shangazi yangu alifanyiwa akarudi kushona. Ila mtoto wa jicho unaweka ukungu kila mahali, kama kioo chenye mvuke. Mama hakuwa na ukungu. Alikuwa anaona kuku pembeni mwa uwanja vizuri kabisa, ila ukikaa mbele yake uso wako ulikuwa unayeyuka. Hakuna aliyemuuliza habari hiyo, na hakuna aliyempanua mboni kwa dawa ili aangalie nyuma ya jicho. Kila mmoja wetu alimuuliza, "Bibi, unaona?" Akasema anaona. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza anaona nini.

Mwezi Juni mtoto wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, akapiga simu. "Shangazi, huku wametangaza matokeo ya mionzi ya macho. Wanapiga mara moja tu." Nilikuwa nimeshaanza kushuku kuwa si mtoto wa jicho, maana mama alikuwa ameanza kunitazama sikioni. Akizungumza na mimi alikuwa anaelekeza jicho lake kwenye sikio langu la kulia, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma yangu. Majirani walisema bibi ameanza kuwa na maringo. Baadaye ndipo nilipoambiwa: alikuwa anakwepa shimo la katikati na kunitazama kwa pembeni, ambako bado kulikuwa na uzima. Alijifunza mwenyewe, bila mwalimu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshashika neno moja: mionzi. Mara moja tu. Kwa mtu anayeuguza, neno kama hilo ni kama kusikia mvua inakuja baada ya kiangazi. Nikapanda hospitali ya Bugando, kilimani, kwa sababu nilijua pale wanatibu saratani kwa mionzi. Kijana aliyenipokea alikuwa na subira na mimi. Akanieleza kuwa mashine yao si ya kazi hiyo. Ya macho ni mashine yake peke yake: inalishika jicho lisitikisike, inapitisha miale myembamba kupitia weupe wa chini wa jicho, na miale yote inakutana kwenye doa la milimita 4 hivi. Akaniambia, "Mama, nenda kwanza kwa daktari wa retina. Habari za mionzi mtaongea huko." Nilimshukuru, nikashuka mlima, nikafanya jambo tofauti kabisa. Nilianza kushughulikia pasipoti ya mama.

Julai, Agosti, Septemba. Miezi mitatu nikiandika barua, nikiomba taarifa za benki, nikiwapigia ndugu wachangie nauli ya ndege. Jicho halikuwa linasubiri pasipoti. Mwisho wa Septemba yule mtoto wa kaka yangu alipiga tena, sauti imepungua. Alikuwa ameusoma utafiti wote, siyo kichwa cha habari. "Shangazi, wale watu wote walikuwa wanachomwa sindano tayari. Mionzi si badala ya sindano. Nisamehe." Sikumlaumu. Aliyeacha kusikiliza kule Bugando ni mimi.

Tukauza ng'ombe wawili. Alfajiri ya Oktoba tulikuwa stendi ya Nyegezi, mama amejifunga kitenge kichwani, ameshika kikapu chenye dagaa wa zawadi. Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100: Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro. Kila tuliposimama aliuliza tumefika wapi, maana vibao vya barabarani havisomi tena.

Daktari wa retina alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotegemea. Jambo la kwanza hakumulika tochi. Alivuta kiti, akakaa usawa wa mama, akasema, "Shikamoo bibi. Hebu nieleze, ukinitazama usoni unaona nini?" Mama akamjibu, "Marahaba. Naona nywele na mabega. Katikati kuna kama maji yaliyomwagwa kwenye wino." Baada ya skani alitugeuzia kompyuta. Mimi niliona tabaka kama za mwamba uliokatwa, na mahali pamoja tabaka zimenyanyuka na chini yake kuna weusi. Weusi ule ni maji, akasema. Mishipa imeota, inavuja, na kando yake kovu limeshaanza. Mama akataka kujua ni mishipa gani hiyo inayoota bila kupandwa. Daktari akatafuta mfano, mama akamtangulia: "Ni kama magugu maji?" Daktari akasema ndiyo bibi, hasa. Kuanzia hapo nyumbani kwetu ugonjwa huu una jina hilo. Mtu akiuliza, mama anasema, "Nina magugu maji jichoni," na kila mtu wa ziwani anaelewa kuwa ukiyaondoa leo, ukilala, kesho yanarudi.

Sindano ni kuyaondoa. Mwili unatoa kemikali inayoihimiza mishipa kuota, na dawa inaizuia kemikali ile. Tuliyopewa ni bevasizumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la dukani, Avastin. Niliposoma karatasi nikaona ni dawa ya saratani ya utumbo mpana, nikasimama. Daktari akanieleza kuwa saratani nayo inahitaji mishipa mipya ili ikue, ndiyo maana dawa ni moja, ila kwa jicho kinagawanywa kipimo kidogo sana, miligramu 1.25, tone ambalo halijazi hata shimo la kitufe. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho tangu 2013, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 uliilinganisha na dawa ya gharama kubwa zaidi ukakuta zinakwenda sawa. Hilo lilinituliza.

Nataka niieleze sindano yenyewe, kwa sababu najua wazee wengi wanaikimbia kwa jina tu. Kwanza matone ya ganzi, mara tatu. Kisha wanaosha kope na jicho kwa dawa ya kahawia, ile ya ayodini, na hiyo ndiyo inayowasha kuliko kitu kingine chochote. Wanatandika kitambaa chenye tundu, wanaweka kijichuma cha kuzuia kope zisifunge. Daktari anapima kwa kifaa kidogo kutoka pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, milimita 4 hivi, kwenye weupe. Anamwambia mgonjwa atazame upande mwingine. Nilihesabu: mpaka sindano inatoka sikufika tano. Mama alinibana mkono alipoona kiputo cheusi kinaelea, akadhani jicho limepasuka. Ni kiputo cha hewa, kiliyeyuka kesho yake. Aliniambia kuchomwa mwiba wa sato kunauma zaidi. Tuliambiwa jambo moja la kukariri: jicho likiuma sana, likawa jekundu na kuona kukapungua siku zinazofuata, usisubiri miadi, rudi siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu vikiingia ndani vinaua jicho.

Usiku ule tulilala Mbagala kwa binamu yangu. Taa imezimwa, mama akaniita. "Nikikuambia neno, hutamwambia mtu?" Nikaapa. Akasema tangu Aprili anaona watoto. Wamevaa nguo nyeupe, wamekaa juu ya vichanja vya dagaa, hawasemi, hawamtazami. Wakati mwingine ni wanawake wamebeba vikapu, wanapita ukutani. Akiwasogelea wanapotea. Alikuwa anajua hawapo. Alikuwa na akili zake zote. Na ndiyo maana alinyamaza.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, ila kwa asiyetoka huku niseme. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili waliyotafutiwa ilikuwa macho: macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka yote ya kupikia watoto wao. Mama alimjua mmoja. Walichota maji pamoja. Kwa hiyo macho yake yalipoanza kupindisha nguzo, alisema mara moja tu, kivukoni, kwa mwanawe. Na mwanawe akacheka na kusema ni mawimbi. Watoto weupe walipokuja, akafunga mdomo kabisa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Bibi mwenye macho mabovu anayeona watu wasiokuwepo, ungemfanya nini?" Nililia, yeye akanipapasa kichwa kama nina miaka sita.

Kesho yake nilimwomba ruhusa nimwambie daktari, akakubali. Daktari hakushtuka hata kidogo. Ubongo, alisema, umezoea kupokea picha kutoka katikati ya jicho. Zikikatika, unajaza pengo kwa picha zake wenyewe. Si wazimu, si majini. Hali hiyo ina jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 mwenye macho hafifu na akili timamu, aliyekuwa anaona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo mzee walimfanya nini?" Daktari akamwambia: mjukuu wake alimwandika. Mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi alikuwa na mjukuu mwema."

Alikaa Dar miezi mitatu, akachomwa Oktoba, Novemba na Desemba. Maji yalikauka. Skani ya Desemba tabaka zilikuwa zimelala. Lakini kovu halikaushwi na sindano, na kovu lilikuwa limeshakaa pale pale katikati. Anatembea mwenyewe, anajimwagia maji, anapalilia mchicha, anajua nani anaingia kwa mwendo wake. Noti ya elfu kumi anaikunja mara nne na ya elfu tano mara mbili ili asidanganywe. Sura za wajukuu kwa jicho lile hazioni. Nilimuuliza daktari kama tungefika Aprili ingekuwaje. Hakutaka kunijibu, nikamlazimisha. Akasema matokeo mazuri hupatikana kabla kovu halijakaa. Akaishia hapo, nami sikuuliza tena.

Nilimuuliza pia habari za mionzi, kwa sababu ilikuwa bado imenikaa rohoni. Alizijua vizuri. Akasema watu wameijaribu kwa muda mrefu. Nia ni kuua chembe za mishipa mipya, ambazo zinagawanyika haraka, na kupunguza uvimbe. Iliwahi kujaribiwa kwa upasuaji, wakiingiza strontiamu-90, kitu kinachotoa mionzi chenyewe, ndani ya jicho na kuishikilia juu ya makula kwa dakika chache, haikushinda sindano. Ule utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 ulikuwa na wagonjwa 411 kutoka hospitali 30, wote wameshaanza sindano. Baadhi walipigwa mionzi ya kweli mara moja, wengine ya kuigiza. Kwa miaka miwili waliopata mionzi walihitaji wastani wa sindano 10.7, wasiopata 13.3, na uwezo wa kuona haukuwa mbaya zaidi. Ila kwenye kama thuluthi moja ya macho yaliyopigwa, picha za baadaye zilionyesha mishipa midogo imebadilika. Mionzi ina tabia hiyo, madhara yake yanachelewa, kwa hiyo jicho lazima lifuatiliwe kwa miaka.

Nilipiga hesabu palepale, mazoea ya kazi. Tofauti ni sindano 2.6 kwa miaka miwili. Kwa mgonjwa wa London hizo ni safari mbili tatu za basi la mjini. Kwa mama ni kutoka Nyegezi mpaka Dar na kurudi mara mbili au tatu, kila mara zaidi ya kilomita 2,200, nauli ya watu wawili na malazi. Mashine ile ingekuwa na maana kubwa kwetu kuliko kwa wale waliotengenezewa. Naliona hilo kwa uchungu na sitaacha kulisema. Lakini pia naona kwamba tunachohitaji kabla ya mashine ile ni kidogo zaidi: mtu wa kumpanua bibi mboni na kutazama nyuma, huku huku ziwani, wiki ile ile anaposema nguzo imepinda.

Jicho la kulia lina aina kavu, hatua ya kati. Daktari alimwandikia vidonge vya mchanganyiko wa vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksantini, vile vilivyopimwa na Wamarekani mpaka 2013. Havirudishi kilichopotea, vinapunguza uwezekano wa kufika hatua mbaya. Alikataza vile vyenye beta-karotini kwa yeyote anayevuta sigara, kwa ajili ya saratani ya mapafu. Kaka yangu alikuwa amekaa pale na pakiti mfukoni. Sigara inaongeza hatari ya ugonjwa huu huu, daktari akamwambia, na kaka akatazama chini.

Kila Jumapili baada ya misa nampima mwenyewe. Kipimo alikibuni daktari wa Uswisi, Marc Amsler, nacho ni vijumba vya mraba na nukta katikati. Mimi natumia ukurasa wa daftari la hesabu, nimekoleza mistari kwa kalamu nyeusi, nimeubandika nyuma ya mlango. Anavaa miwani yake ya kusomea, anafunika jicho la kushoto kwa kiganja, siyo kwa vidole maana kupitia vidole anachungulia, anatazama nukta. Simuulizi kama anaona. Namwambia, "Nitajie unachokiona." Ukurasa wa kwanza ulishaisha, ulijaa alama za vidole vyenye harufu ya dagaa, kwa sababu lazima aguse mahali anapopasema.

Julai 2025 tulikwenda Sengerema kwa arobaini ya ndugu yetu. Daraja lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja nyuma. Hakuna tena foleni ya kivuko; kilomita 3 zile tulizivuka kwa basi, kabla sijamaliza kumenya chungwa. Tulipokaribia nguzo ndefu mama alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, bila kuambiwa. "Imenyooka," akasema. Akabadilisha kiganja. "Huku haipo kabisa. Naona maji, halafu naona maji." Nikamuuliza kama wale watoto wapo. Alitazama kidogo pembeni ya pale nguzo ilipokuwa.

"Wawili," akasema, sauti ya kawaida, kondakta amesimama karibu yetu anadai nauli. "Wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia."

Akafungua ncha ya kitenge, akatoa noti iliyokunjwa mara mbili, akamlipa.